Siku sita nyuma ya Jiří Sobotka

Siku ya kwanza. Köln hadi Praha

Nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na begi moja la mgongoni na chupa ya chai ya tangawizi. Mfukoni nina karatasi yenye majina ya miji minne: Praha, Basel, La Chaux-de-Fonds, Rotterdam. Likizo yenyewe ni siku sita tu, kwa hiyo Rotterdam nimeshaikata kwa kalamu kabla hata treni haijaondoka.

Safari hii ilianzia kwenye ubishi wa simu. Mdogo wangu yuko Tanga, nami niko huku Ujerumani, na kila Jumapili usiku tunabishana mpira. Siku moja tulikuwa tunahesabu makocha waliofungashiwa virago na Simba na Yanga, tukaishiwa vidole. Tukamfikia Micho, yule Mserbia aliyefundisha Villa ya Uganda, Yanga, timu za taifa za Rwanda na Uganda, na kwingineko ambako hata hatukuweza kukumbuka. Mdogo wangu akasema hawa makocha wazunguka dunia wameletwa na hela za siku hizi. Nikamwambia si kweli, wapo tangu zamani, wakipanda treni na masanduku ya mbao. Akasema nitajie mmoja. Nikamtajia Sobotka. Akacheka, akasema hilo ni jina la biskuti.

Jiří Sobotka. Jiří ni George kwa Kicheki, ila ile ř ya katikati haitamkiki: ulimi unatetema kama unasema r na zh kwa pamoja. Tangu Dresden nimekuwa nikijaribu taratibu dirishani, treni ikifuata mto Elbe kati ya majabali, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahamisha mkoba wake.

Baada ya mpaka nikaenda behewa la chakula. Wacheki hawana mchezo na hili: mezani kuna kitambaa, jikoni kuna mpishi, na nyama inakuja na mchuzi mzito wa mboga na vipande vya mkate laini wa kuchemsha. Nikala huku nimeandika kwenye daftari mambo ninayoyajua kwa uhakika juu ya mtu wangu. Kazaliwa 1911. Mshambuliaji wa kati wa Slavia Praha. Fainali ya Kombe la Dunia 1934. Halafu kocha: Uswisi, Uholanzi, tena Uswisi.

Siku ya pili. Praha, kilima cha Letná

Mwenyeji wangu hapa ni Mmombasa, kaja kusoma miaka mingi iliyopita akanogewa. Asubuhi kanipikia mahamri na mbaazi, ameagiza iliki kutoka kwao, kisha akanisindikiza Letná akinung'unika njia nzima.

"Kaka, yaani umetoka Köln uje umtafute mtu aliyekosa goli?"

Ndiye huyohuyo.

Letná ni uwanda ulioinuka juu ya mto Vltava. Ukisimama ukingoni, madaraja yote ya Praha yako chini yako yamepangana. Zamani Slavia na Sparta wote walikuwa na viwanja huku juu, jirani kwa jirani, wanasikiana vishindo. Sparta wamebaki. Slavia waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakapelekwa Eden, mtaa wa Vršovice, kwa sababu wakubwa wa wakati huo walitaka nafasi. Hapohapo Letná wakajenga sanamu kubwa ajabu ya Stalin, ikazinduliwa 1955. Mwaka 1962 wakailipua wenyewe. Leo kuna mshale mrefu mwekundu unaoyumba kushoto na kulia kama wa kupimia mapigo ya muziki, na vijana wanateleza na mbao za magurudumu chini yake. Uwanja aliochezea Sobotka hauna hata jiwe. Nilizunguka kama nusu saa nikitafuta angalau kibao, nikaambulia kijana anayeuza soseji.

Tukakaa kwenye nyasi, nikamsimulia mwenyeji wangu fainali.

Kwanza ukubwa wa ile timu. Chekoslovakia iliyoshuka fainali 1934 ilikuwa na watu 11, na wote 11 walitoka klabu mbili za mji huu mmoja: 8 wa Slavia na 3 wa Sparta. Ni kama Taifa Stars iingie fainali ya dunia na watu wa Simba na Yanga peke yao. Golini František Plánička, nahodha. Mbele kuna Antonín Puč wa kushoto, Oldřich Nejedlý aliyemaliza mashindano akiongoza kwa mabao, na katikati kijana wa miaka 23, Sobotka.

Mpira wao ulikuwa na jina. Wacheki wanauita ulička, kijia chembamba. Pasi fupi fupi za chini, mnapokezana katikati ya mabeki mpaka mmoja anatokeza upande wa pili. Mmombasa alipolisikia neno hilo akapiga makofi: "Basi hicho ni kichochoro! Waingie Mji wa Kale hao, watakuwa kwao!"

Waliitoa Romania 2-1 kule Trieste. Robo fainali wakakutana na Uswisi mjini Turin, tarehe 31 Mei. Uswisi wakatangulia, Svoboda akasawazisha, na mara tu baada ya mapumziko Sobotka akafunga la pili. Mechi ikaisha 3-2. Nilimwomba mwenyeji wangu alishike hili bao, nitalirudia. Nusu fainali Nejedlý akawafunga Wajerumani yote matatu, 3-1.

Tarehe 10 Juni, Roma. Mussolini yuko jukwaani, jua kali, uwanja wote ni wa Waitalia. Wacheki wakacheza kichochoro chao bila kujali. Kipindi cha pili Puč akafunga: 1-0, na dakika zinayoyoma. Hapo ndipo penyewe. Sobotka akapata nafasi nzuri, akaikosa. Svoboda akapiga nguzo. Lolote kati ya hayo lingeingia, leo kwenye orodha ya mabingwa wa dunia tungesoma Chekoslovakia. Halikuingia. Dakika ya 81 Raimundo Orsi akapiga mpira uliopinda hewani, Plánička akanyoosha mkono bure. Muda wa nyongeza, dakika ya 95, Angelo Schiavio akamaliza kazi. 2-1.

Mwenyeji wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema anamjua mtu Mombasa aliyekosa penalti fainali ya mtaa mwaka 1998 na mpaka leo akipita barazani watu humtajia. "Huyu wako dunia nzima ilimwona."

Nami ndilo linalonivuta kwake. Anakosa mbele ya dunia, na bado anabaki kwenye mpira miaka mingine zaidi ya thelathini.

Siku ya tatu. Praha, Eden na makaburini

Eden nimepita haraka. Uwanja mpya wa mwaka 2008, duka la jezi nyekundu na nyeupe zilizogawanywa nusu kwa nusu, bei za kutisha. Nikanunua kibandiko tu. Dada wa dukani nilipomtajia Sobotka akanielekeza kwenye fulana za Bican, mfungaji wao maarufu wa zamani.

Mchana nikaenda makaburi ya Olšany kumwona mtu mwingine kabisa. Amelazwa pale John Madden, Mskoti wa Dumbarton, mshambuliaji wa Celtic enzi za mwanzo kabisa, aliyekuja Praha 1905 kuifundisha Slavia na akakaa kwenye kazi ileile mpaka 1930. Miaka 25, klabu moja. Hakurudi kwao tena, alifia hapa 1948. Wacheki wanamhesabu kuwa ndiye aliyewafundisha mpira wa kupasiana, na Slavia ya 1934 ilichipuka kwenye shamba alilolima yeye.

Kwa hiyo mji huu ulipokea kocha mmoja akazama mizizi, kisha ukatoa wanafunzi wakaenda kufundisha kwa wengine. Antonín Fivébr, kwa mfano, alikuwa Valencia ya Hispania tangu miaka ya 1920, na mwaka 1931 akaipandisha daraja la kwanza. Nilikuwa nusura nimfuate yeye badala ya Sobotka. Kilichoniamua ni nauli.

Saa kumi na mbili jioni mwenyeji wangu akanipeleka stesheni na mfuko wa mahamri. Treni ya usiku, vitanda vya ghorofa tatu, mimi wa juu kabisa. Wa chini yangu akaanza kukoroma kabla hatujatoka mjini.

Siku ya nne. Basel

Nimeamka mto Rhine uko dirishani, shingo haigeuki.

Sobotka aliifundisha Basel kuanzia 1961 hadi 1965. Nimeiruka miaka yake ya kwanza ya Uswisi kwa sababu ya ratiba za treni tu, tutairudia kesho. Uwanja wao wa wakati huo, Landhof, uko Kleinbasel, upande wa pili wa mto, umebanwa na majumba ya watu. Nimevuka kwa kivuko kisicho na injini: mashua imefungwa kwenye waya uliopita juu ya mto, nahodha anageuza usukani kidogo tu, mkondo wenyewe unaisukuma mpaka ng'ambo. Kimya kabisa, unasikia maji yanavyolamba mbao. Pembeni yetu watu walikuwa wanaogelea kurudi nyumbani kutoka kazini, nguo na viatu wamevifunga ndani ya mfuko usioingia maji wenye umbo la samaki, wanaelea nao kama boya. Nimeishi Ulaya miaka tisa na hili sikuwahi kuliona.

Landhof ndipo Ujerumani ilipocheza mechi yake rasmi ya kwanza ya kimataifa, Aprili 1908, ikafungwa na Uswisi 5-3. Leo watoto walikuwa wanacheza wanne kwa wanne, na mmoja golini amevaa glavu za baiskeli. Nikakaa kwenye ngazi nikala hamri la mwisho.

Aprili 1963 Sobotka aliipa Basel Kombe la Uswisi, 2-0 dhidi ya Grasshoppers ya Zürich, fainali ikachezwa Bern. Ndani ya kikosi chake alikuwamo kijana aliyesajiliwa mwaka uliotangulia, Karl Odermatt, ambaye baadaye mji huu ulimfanya mfalme. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni ziara ya 1964. Uswisi ligi husimama wakati wa theluji, basi Januari ile klabu ikapanda ndege na kocha wake na wachezaji 15 kuizunguka dunia: Malaya, Hong Kong, New Zealand, Australia, visiwa vya Wafaransa vya Pasifiki, Meksiko, Marekani, wakarudi Februari. Januari hiyohiyo kwetu Zanzibar ilikuwa kwenye Mapinduzi. Mtoto wa Praha, mwenye umri wa miaka 52, anawapanga Waswisi uwanjani upande wa chini wa dunia. Mdogo wangu anasema makocha wazunguka dunia ni wa siku hizi!

Miaka miwili tu baada ya kombe, akaondoka. Akaja Helmut Benthaus, Mjerumani, na mataji ya ligi yakaanza kumiminika. Ukiuliza Basel juu ya kocha wa zamani utatajiwa Benthaus. Nimeuliza watu watatu, wote watatu wakamtaja Benthaus.

Siku ya tano. La Chaux-de-Fonds

Nimefika Neuchâtel asubuhi, nikapanda kitreni cha kwenda mlimani. Nimechagua kiti kinachotazama mbele maana huwa nasikia kichefuchefu nikirudi kinyumenyume. Tukapanda, tukapanda, ziwa likawa dogo kama sahani, tukasimama kwenye stesheni ndogo iitwayo Chambrelien. Treni ilipoondoka ikawa inarudi tulikotoka! Nikasimama, nikashika begi, nikamuuliza jirani kwa Kijerumani changu kama nimekosea treni. Akacheka sana. Mlima pale ni mkali, reli imechorwa kama herufi V: treni inaingia kwenye ncha, dereva anahamia upande wa pili, mnaendelea kupanda mkiwa mmegeuzwa. Nusu ya safari iliyobaki niliimaliza kinyumenyume, nimefumba macho.

Mji uko mita 1,000 hivi juu ya bahari. Baridi yake ni ya Lushoto mwezi wa saba, ila hii ni ya kiangazi chao. Uliungua karibu wote 1794, ukajengwa upya kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, majumba marefu yamepangwa safu safu ili kila fundi saa apate mwanga dirishani. Tangu 2009 uko kwenye Urithi wa Dunia kwa sababu hiyo. Hapa ndipo alipozaliwa Le Corbusier msanifu majengo, na Louis Chevrolet wa magari. Wote wawili walihama.

Sobotka alihamia. Mwaka 1946, vita vimeisha, ana miaka 35, anakuja huku kama mchezaji na kocha kwa pamoja. Miaka miwili baadaye, Februari 1948, Wakomunisti wakashika serikali Praha. Mwaka huohuo mji huu mdogo ukabeba Kombe la Uswisi kwa mara ya kwanza. Wakabeba tena 1951. Halafu 1954 wakachukua ligi na kombe kwa pamoja, na 1955 wakarudia vyote viwili. Kombe la 1957 likafuata. Mji ambao hata leo una watu wapatao 37,000 tu ulikuwa unazinyanyasa Zürich, Geneva na Bern. Na aliyewaongoza ni yule aliyewafunga Waswisi pale Turin. Kama walikuwa na kinyongo naye, walikimeza.

Huku Waswisi wa Kifaransa walimwita Georges. Jina lake mwenyewe limetafsiriwa, ř imetupwa mtoni. Nilipoanza kumtafuta kwa jina la Kicheki kwenye magazeti ya hapa sikuwa napata kitu. Nilipoandika Georges Sobotka, akajaa tele.

Uwanja wa Charrière uko juu ya mji, nao nimekuta lango limefungwa. Klabu ilifilisika 2009, ikaanza upya madaraja ya chini. Nikachungulia kwenye wavu: nyasi nzuri, jukwaa la zamani, hakuna mtu. Upepo unapuliza. Nikarudi chini kutafuta kahawa.

Hapo mkahawani bahati ikaniangukia. Dada aliyekuwa anahudumia aliniona naongea na simu, mdogo wangu ananicheka, akaja na sinia mkononi: "Weye uko wa Tanzania?" Yeye ni wa Bukavu. Kiswahili chake na changu vimeachana kidogo lakini vinaelewana. Nikamweleza shida yangu. Akageuka moja kwa moja kwa mzee aliyekaa pembeni na gazeti, akamuuliza kwa Kifaransa.

Mzee akaweka miwani chini. "Ah, Sobotka!" akasema, kisha akaongea kama dakika kumi bila kupumua. Dada wa Bukavu akawa anatafsiri vipande: "Anasema baba yake alikuwa anamupeleka ku stade. Anasema batu balikuwa bengi, yeye alikuwa anakaa ku mabega ya baba." Nikangoja. Mzee akaendelea, mikono inachora hewani, sasa ameinuka, anaonyesha mtu anavyokata kulia. Nikauliza: huyo ni Sobotka? Dada akacheka. "Hapana, kaka. Iko anasema juu ya Kiki."

Kiki ni Charles Antenen. Kazaliwa hapahapa, kacheza hapahapa, akaenda Kombe la Dunia mara tatu: 1950, 1954 na 1962. Nilijaribu mara mbili kumrudisha mzee kwa kocha. Alikubali kila mara kwa heshima, "ndiyo, ndiyo, Georges, kocha mzuri", halafu baada ya sentensi moja anarudi kwa Kiki. Mwishowe nikaacha, nikamsikiliza Kiki mpaka kahawa ikapoa. Mzee akanilipia.

Siku ya sita. Kurudi

Treni yangu ni ya mchana, kwa hiyo asubuhi nimeingia makumbusho ya saa. Maelfu ya saa, nyingine kubwa kama kabati, nyingine ndogo kama punje ya mahindi. Mlinzi akaniuliza ni saa ngapi kwenye ile yangu ya mkononi, kwa utani, maana ni ya bei ya sokoni. Nikamjibu saa nne. Akatazama ukutani: saa kumi. Nikaanza kumweleza kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa jua likichomoza, akaita mwenzake aje asikie. Nimeondoka wakiwa bado wanabishana ni nani kati yetu mwenye akili zaidi.

Sobotka yeye aliondoka huku mwishoni mwa miaka ya 1950, akaenda Feyenoord, klabu ya Rotterdam, msimu mmoja. Uwanja wa De Kuip, umati mkubwa, bandari. Hakupata taji. Mwaka 1961 Feyenoord wakawa mabingwa, kocha mwingine, na mwaka huohuo yeye akatokea Basel. Hayo ndiyo yote niliyonayo ya Rotterdam.

Chambrelien safari hii sikushtuka. Nilikaa kinyumenyume tangu mwanzo, treni ilipogeuka nikawa natazama mbele, ziwa likafunguka lote chini yetu.

Simu ikalia, ujumbe wa Mmombasa: "Umempata mtu wako?"

Nikamwandikia kwamba nimempata nusu, nyingine iko Rotterdam.

"Basi twende wote. Lini?"

Nikamwambia mshahara ukitoka.